Mwenyeji ni Nani, na Hati Anayo Nani?

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nani alitangulia Mombasa, na nani ni mgeni. Nimechagua saba.

Mwalimu, ni kweli Mombasa ilijengwa na Wareno? (Mwanafunzi, Tudor)

Si kweli, mwanangu. Ibn Battuta alilala hapa usiku mmoja mwaka 1331, akakuta watu wacha Mungu na misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Vasco da Gama alifika 1498, na Mreno mwenzake Almeida akauteketeza mji mwaka 1505. Angeteketeza nini kama hapakuwa na mji? Ngome ya Yesu (Fort Jesus) Wareno walianza kuijenga 1593, na hiyo ndiyo kazi yao. Swali hili nalijibu kila mwaka, na kila mwaka hurudi kwa sababu watoto hupelekwa Ngomeni kwa ziara, wakarudishwa shuleni bila hata kupitishwa Mji wa Kale ulio hatua chache tu kutoka pale.

Mimi ni Mkilindini. Rafiki yangu Mdigo ananiambia sisi Waswahili ni wageni, wenyeji ni wao. Nani ana haki? (Msomaji, Likoni)

Nyote wawili ni wenyeji, na inaniuma kuona mnagombana juu ya hili. Kiswahili, Kidigo, Kigiriama, Kipokomo na Kikomoro ni lugha za mama mmoja. Wataalamu huziita lugha za Sabaki. Waswahili wa Mombasa ni mataifa kumi na mawili: Wakilindini, Watangana na Wachangamwe ndio Thelatha Taifa, yaani mataifa matatu. Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa na wenzao ndio Tisa Taifa. Pamoja wakawa Thenashara Taifa, na hakuna hata taifa moja kati ya hayo lililoishi bila wenzake wa kaya, yaani Mijikenda: Wadigo, Waduruma, Wagiriama na ndugu zao. Thelatha Taifa walifungamana zaidi na Wadigo na Waduruma. Nafaka ya kisiwani ilitoka bara ya karibu, pembe na sandarusi vilipitia mikononi mwa Mijikenda, na vita vikija watu wa kaya walishuka kusaidia. Wareno wenyewe, pamoja na mizinga yao yote, walilazimika kuwapa watu wa bara nguo ili wapate amani na chakula.

Sisemi palikuwa na usawa. Watu wa mji waliwaita wenzao Wanyika, yaani watu wa porini, na jina hilo lilikuwa la dharau. Lile la Mijikenda lilikuja kushika katika miaka ya 1940. Lakini mapatano yao yalikuwa hai: ndoa, utani, zawadi na viapo. Hayakuandikwa popote, na hapo ndipo balaa ilipoingilia.

Mwaka 1908 Waingereza walitunga sheria ya hati za ardhi ya Pwani. Kila anayedai shamba katika ukanda huu alitakiwa apeleke dai lake kwa msajili na kulithibitisha kama mtu binafsi. Waarabu, Wahindi, Wazungu na baadhi ya Waswahili waliozoea wakili na kadhi walipata hati. Mdigo au Mgiriama ambaye shamba lake lilikuwa la ukoo hakuwa na la kuandika ambalo msajili angelikubali. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Kwa hiyo rafiki yako akikuuliza nani mwenyeji, mwulize naye: babu yako na babu yangu, nani kati yao alisikilizwa mwaka 1908? Mara nyingi utakuta si huyu wala yule.

Mkataba wa maili kumi uliisha mwaka 2013. Mbona Serikali haituachii Pwani yetu? (Wasomaji wanne, kutoka Kisauni, Mtwapa, Ukunda na Malindi)

Haukuisha, kwa sababu haukuwa na miaka 50 wala tarehe yoyote ya kuisha. Nawasihi muache kusambaza maneno haya kabla hamjayasoma.

Mwaka 1895 Uingereza ilikodi ukanda huu wa Pwani wa maili kumi kutoka kwa Sultani wa Unguja kwa paundi 11,000 kwa mwaka. Mwenye nyika na mwenye mji hawakuulizwa, na hilo ni dhuluma ya kweli. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, waliandikiana barua, kisha mkataba ukatiwa saini London, na Sultani akaachilia madai yake moja kwa moja. Kenya kwa upande wake iliahidi uhuru wa dini na kuendelea kwa mahakama za kadhi. Yote haya hutajwa mikutanoni.

Sharti lisilotajwa ni hili: hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa Pwani zitatambuliwa daima. Lirudieni mara mbili. Hati zilizotoka kwenye sheria ile ya 1908 ziliingia katika Uhuru zikiwa zimekingwa, na waliokosa hati waliingia wakiwa maskwota katika mashamba waliyolima mababu zao. Anayewaimbia Sultani na miaka 50 anawapotosha mbali na mlango mnaopaswa kubisha.

Baba alijenga Majengo 1971 na bado tunalipa kodi ya ardhi kila mwezi. Miaka yote hii, si ardhi imekuwa yetu? (Dada, Mombasa)

Dadangu, hapana, na kodi hiyo ndiyo inayowafunga. Sheria ya Kenya inamruhusu aliyekalia ardhi ya mtu binafsi miaka 12 bila ruhusa, waziwazi na bila kukatizwa, aende Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba iandikwe jina lake. Ukilipa kodi umekaa kwa ruhusa, na hoja hiyo inaanguka. Haitumiki kwa ardhi ya umma pia. Huo ndio msiba wa nyumba bila ardhi: kuta ni zako, udongo ni wa mtu ambaye pengine hujawahi kumwona uso.

Hukuniuliza, lakini nitasema. Wapo madalali wanaowauzia watu wetu nyumba hizi kama kwamba kiwanja kimo ndani ya bei. Kabla ya kutoa hata shilingi moja nenda kwa msajili wa ardhi uangalie jina lililo kwenye hati. Na mkitaka kununua kiwanja kutoka kwa mwenyewe, kaeni wapangaji wote pamoja na wakili mmoja. Mwenye shamba huwamaliza mmoja mmoja.

Waarabu wa Oman walikuja kama ndugu au kama walowezi? (Mzee, Kibokoni)

Mzee wangu, walikuja kwa njia zote mbili. Watu wa Mombasa waliwaita wawaondolee Mreno, na Ngome ikaanguka Desemba 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Wamazrui, ukoo uliotoka Oman, walitawala hapa wakioa na kuolewa na wenyeji, wakategemea Mijikenda katika vita vyao, mpaka Sayyid Said, Sultani wa Oman na Unguja, alipowashinda 1837. Familia hizo leo ni za hapa. Lakini mashamba makubwa ya Malindi na Takaungu yalilimwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria Pwani hii mpaka 1907. Anayesimulia udugu bila kutaja watumwa amesimulia nusu.

Mekatilili alimpiga kofi Mzungu kweli? (Msomaji, Mariakani)

Kisa cha kuku na vifaranga, cha Mekatilili kumwambia Mzungu ajaribu kuchukua kifaranga mbele ya mama yake, kinasimuliwa sana, na wazee wa Kigiriama wana haki ya kukisimulia. Ninalotaka mjue zaidi ni kwa nini. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwalisha watu kiapo mwaka 1913 kwa sababu Waingereza walitaka kodi ya nyumba, vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na Wagiriama waondoke ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, iliyokuwa ardhi yao yenye rutuba. Wawili hao walihamishwa mbali magharibi mwa nchi, wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Mwaka 1914 Waingereza waliilipua kwa baruti Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama.

Wabara ndio walowezi wa leo. Kwa nini wasirudi kwao? (Msomaji, Likoni)

Barua yako nimeisoma mara tatu, na nakujibu kwa uchungu. Agosti 1997, hapo hapo Likoni, watu waliambiwa maneno haya haya. Zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu wakakimbia. Waliochomewa vibanda walikuwa wauza mboga, makuli na wapangaji wa chumba kimoja, watu wasio na hati hata ya kaburi. Mashamba makubwa ya Pwani hayakubadilisha jina siku ile, wala kesho yake. Ukiwa na hasira ya ardhi, na ni haki yako kuwa nayo, ielekeze kwenye daftari la msajili.

Na wewe uliyeuliza kwa mstari mmoja nyanyako wa Rabai alimaanisha nini kwa neno watoro: ni watumwa waliokimbilia misheni ya Rabai kutoka mashamba ya Pwani. Mwaka 1888 mabwana zao walidai warudishwe. Kampuni ya Waingereza iliwalipa mabwana fidia ya watu wapatao 1,400, na Januari 1889 watoro wakapewa hati za uhuru. Ikiwa sanduku la nyanyako bado lipo, fungua uangalie. Karatasi hiyo ukiikuta usiitupe, na usimpe mtu akaifanyie nakala bila wewe kuwepo.