Uliza Fundi: Nipige Rangi Gani Kwenye Kabureta Isitoke na Petroli?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Honda CB750 ya 1975, ile ya kabureta nne. Aliyeniuzia alizipuliza rangi ya silva zikiwa zimefungwa hapohapo kwenye injini, hata skrubu za shaba kazifunika. Sasa inabanduka kama magamba, chini ya mabakuli yanayokaa petroli kuna unga mweupe na kabureta moja ina unyevu wa petroli, si sana. Nataka nizipige upya. Nitumie rangi gani? Rafiki yangu anasema nizitumbukize kwenye kostiki soda usiku kucha rangi itoke yenyewe, mwingine anasema nizipeleke zikapigwe rangi ya unga. Na ni lazima nizifungue?

JIBU: Salama mzee. Huo unyevu ulioutaja mwishomwisho kama kitu kidogo ndo wa kuanza nao, rangi baadaye. Petroli ikivuja hata tone moja kwa siku hamna rangi ya kawaida ya kopo itakaa pale, nakwambia kwa sababu nshafanya hilo kosa kwenye pikipiki yangu mwenyewe, nilipuliza nyeusi ya kawaida ikapendeza mno, jioni nikafungua koki, asubuhi naenda kuangalia chini ya bakuli rangi imekunjamana kama ngozi ya kidole kilichoshinda kwenye maji, nikagusa ikaja yote na kidole. Kwa hiyo badilisha gasketi ya bakuli, angalia sindano ya floti, ile inayofunga petroli bakuli likijaa, kama imekula pale kwenye ncha, halafu jaza petroli uache ilale. Asubuhi ikiwa kavu ndo tuongee habari za rangi.

Kostiki soda achana nayo kabisa! Kabureta nyingi za miaka hiyo zimemiminwa kwa zinki au alumini na kostiki inakula zote mbili, utaona povu unafikiri ni rangi inatoka kumbe ni kabureta yenyewe inaisha. Siki nayo ukiisahau humo inaharibu vilevile. Na asikudanganye mtu ukazipiga mchanga wa mashine, jeti ya slo, ile ya kupitisha petroli injini ikiwa sailensa, ina tundu chini ya nusu milimita na vinjia vya ndani vinajipinda, chembe moja ikijificha humo utaitafuta mwaka mzima. Rangi ya unga inaokwa kwenye joto la nyuzi 200 hivi, gesi iliyonaswa ndani ya chuma wakati wa kumimina inatoka na kukuachia vipele, halafu inakuwa nene hadi vifuniko havikai vizuri.

Kuzifungua ni lazima, hapo hamna njia ya mkato. Piga picha kila hatua na fungua moja baada ya nyingine, usichanganye vifaa vya kabureta nne kwenye sahani moja. Zile skrubu za msalaba si za bisibisi ya nyota ya kawaida, ni za kijapani, zinaitwa JIS, ukitumia ya kawaida inapanda juu inakula kichwa na hapo umeshajitafutia kazi ya kutoboa. Toa raba zote, o-ringi zote, floti, jeti, ndo upake dawa ya kutolea rangi, ile iliyoandikwa kwamba haidhuru alumini, na usugue kwa mswaki. Ule unga mweupe ni kutu ya zinki na alumini, unyevu umekaa pale muda mrefu, usugue kwa brashi ya shaba mpaka uone chuma kinang'aa, ukiubakiza rangi itakaa juu ya unga na unga haushiki kitu.

Ukifika hapo simama kidogo uziangalie. Mi ningeziacha hivyohivyo, maana nyingi zilitoka kiwandani bila rangi, ile kijivu iliyofifia ndo sura yao, unapitisha kitambaa chenye mafuta kidogo mara mojamoja basi.

Kama bado unataka rangi, chukua ya sehemu mbili, ile inayochanganywa na hadena, ndo inayohimili petroli. Zipo hata za kopo, unabonyeza kitufe cha chini hadena inaingia, ila ukishabonyeza una siku moja au mbili tu kabla haijagandia humohumo. Hadena yake ni sumu kwenye mapafu, kile kibarakoa cha vumbi hakisaidii kitu, kama huna vifaa vya kupumulia mpe fundi wa rangi za magari akufanyie. Msasa namba 400 kwa nje, futa na thina, usishike tena kwa mkono mtupu, praima nyembamba ya kung'ata chuma halafu rangi mikono mitatu myepesi. Koo linalopitisha hewa, njia ya slaidi (kile kipande kinachopanda na kushuka ukivuta gesi), nyuso za gasketi na kila tundu vizibwe kwa tepu na vizibo vya raba. Siku hiyohiyo puliza na kifuniko kimoja kibovu, subiri wiki, kilaze chini ya kitambaa kilicholowa petroli saa nzima. Ukifuta rangi ikabaki, funga. Kufunga kwenyewe usisahau kuzisawazisha zote nne zivute sawa kwa geji za vakyumu, zile za kupima mvuto wa hewa, na ile spreyi ya kusafishia kabureta isiguse rangi yako tena.

SWALI: Mimi nshapuliza, kabureta moja tu, na rangi imeingia kwenye njia ya slaidi, sasa slaidi inapanda vizuri kushuka inasuasua. Nipige msasa?

JIBU: Hapana, ukipiga msasa unapanua njia na hewa itapita pembeni. Kitambaa chenye thina kwenye kijiti cha mbao, zungusha taratibu mpaka kitoke cheupe. Na usiendeshe hivyo, slaidi ikikwama juu pikipiki inakwenda yenyewe. Ukishafunga, vuta gesi mpaka mwisho uiachie ghafla injini ikiwa imezimwa, lazima usikie slaidi inagonga chini, tak. Usiposikia, fungua tena.