Mlezi wetu wa biashara ana stori tamu, ila daftari langu liko vilevile

*Shikamoo mama. Mimi naishi Mwanga hapa Kigoma mjini, nina miaka 31. Na wanawake wenzangu watatu tunapika sabuni ya mawese, ile ya miche, na gwanji kidogo, ile sabuni yetu ya kienyeji. Mwaka huu tumepata nafasi kwenye programu ya ubia, wajasiriamali wadogo tunaunganishwa na wafanyabiashara wazoefu kwa miezi 6. Mlezi wetu ni mzee mmoja anachukua dagaa kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, pale wavuvi wanaposhusha, anapeleka nje ya mkoa, mtu mkubwa kweli, ana malori. Tunakutana naye ukumbini kila baada ya wiki 2, anaongea vizuri mno, unatoka pale unajiona ushatoboa, ila nikifika nyumbani nikifungua daftari sioni hata kitu kimoja cha kubadilisha. Juzi kasema anapenda tunavyojituma, yuko tayari kuweka milioni 4 tuwe wabia nusu kwa nusu. Wenzangu wanataka tukubali hata kesho. Tunajifunzaje kwa mtu kama huyu, na hii ya ubia tufanyeje?*
*Mpika Sabuni, Mwanga*

Marahaba mwanangu, mwakeye. Barua yako nimeisoma mara mbili maana hiyo ya kutoka ukumbini unaelea nimeipitia mwenyewe, nitakwambia huko mbele.

Kwanza mzee hana kosa. Ukimwita mtu mzima ukumbini ukampa maiki ukamwambia tueleze ulivyofanikiwa, atakupa stori ya baiskeli, eti alianza na baiskeli moja tu. Wote wanayo, kama sio baiskeli basi ni debe la dagaa alilokopeshwa na shangazi yake. Na ni ya kweli kabisa, ishu ni kwamba mtu akisimulia alivyofanikiwa zile siku alizokosa hata nauli zinarukwa, anazipitia kwa kucheka tu. Alafu kuna nyakati. Mtu aliyekua kibiashara Kigoma miaka ya 1990 alikua wakati watu wanavuka kwa maelfu kutoka Burundi na Kongo, kambi ya Nyarugusu imefunguliwa 1996, kila gunia la maharage lina mtu anayelitafuta. Akikuambia "mi nilijituma tu", amejituma ndiyo, ila na soko lilimfuata mpaka mlangoni, na hilo wewe na sabuni yako huwezi kuliiga hata ukeshe.

Kwa hiyo badili maswali. Usimuulize alifanikiwaje, muulize alipigwa wapi, na swali liwe na tarehe. Mfano 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi 3 mizima, ili samaki wazaliane. Yeye biashara yake ni dagaa. Muulize, mzee ile miezi 3 madereva uliwalipaje, malori yalibeba nini, nani uliyekuwa unamdai akalipa na nani alikuzungusha, ulikopa au ulikuwa umeweka akiba? Atakohoa kwanza, ataomba maji, alafu ataanza kukwambia mambo ambayo kwenye maiki hayasemwi.

Na hata ziwa likiwa wazi dagaa wana mbalamwezi. Wewe wa Kigoma unajua, wavuvi wanatumia taa, mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu kwa hiyo hawatoki, kila mwezi kuna siku mwalo umelala. Mtu aliyekaa kwenye biashara ya namna hiyo miaka na miaka ana kalenda kichwani ya lini hela inaingia na lini haiingii, hajawahi kuiandika, hajui hata kama ni elimu, kwake ni kitu cha kawaida kama kuvaa viatu. Hiyo kalenda ndo ya kumchukua. Maana nyie mna mbalamwezi yenu pia, mawese yakiadimika dumu la lita 20 linapanda lakini mche wa sabuni dukani hupandishi, mteja hataki kusikia, mnabaki mnapika kwa hasara ili tu jina lisipotee. Peleka daftari lenu la miezi 6 iliyopita, weka kidole kwenye ule mwezi mliozama, mwambie mzee hapa wewe ungefanyaje, ungenunua madumu mapema ukaweka stoo au ungepunguza kupika? Hapo baiskeli haimsaidii, inabidi afikiri na wewe.

Na huo ukumbi muuache ikiwezekana. Muombe siku moja muende naye mwaloni alfajiri, mkae pembeni mkae kimya, muone anavyobishana bei, anamkubalia nani mkopo na anamkatalia nani na kwa maneno gani. Mimi miaka ile niliingia kwenye mpango kama huo wa kampuni moja, jina naliacha, mlezi wangu alikuwa bosi wa mauzo mwenye tai, semina 5 nikaandika daftari zima, sikuambulia kitu. Siku moja nikamfuata stoo anisainie karatasi, akachelewa masaa 3, nikakaa na karani wake, mama mmoja mkimya hivi. Nikamuona anaandika wateja kwa kalamu mbili, bluu ni anayelipa siku ileile, nyekundu hapewi mzigo mpaka amalize wa nyuma hata kama ni shemeji wa bosi. Nikamuuliza bosi ndo alikufundisha, akacheka akasema bosi hajui hata hizi kalamu zina maana gani. Nilirudi nyumbani nikanunua kalamu nyekundu, na nakuambia nilipoteza marafiki wawili na shoga yangu mmoja ila mtaji ulirudi. Kwa hiyo mheshimu mzee lakini mjue na karani wake, na dereva, na yule kijana wa mizani.

Sabuni yenyewe usimuulize, haijui. Vipimo vya kostiki, kukausha, mambo ya alama ya ubora, hayo nenda SIDO hapo mkoani, lile shirika la viwanda vidogo, wao ndo wanaotoa barua ya kumtambulisha mjasiriamali mdogo kwa TBS, shirika la viwango.

Haya tuje kwenye milioni 4, hapa ndo nilipokunja uso.

Nusu kwa nusu ya nini? Akiweka 4 akachukua nusu, anasema biashara yenu ilivyo leo, mapipa, fomu za kukatia, wateja, jina, na mikono ya wanawake wanne, vyote kwa pamoja ni milioni 4. Inawezekana ni kweli, inawezekana anawapunja bila hata kukusudia, swali ni kama nyie mmeshapiga hesabu. Naona kabisa hamjapiga, ungeniandikia.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui, nyie wanne tayari ni wabia. Mnafanya biashara pamoja mnagawana faida, basi, hata kama hamna karatasi. Mambo ya ubia yamo kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na inasema kama hamjakubaliana vingine basi faida mnagawana sawasawa na hasara mnabeba sawasawa, haijalishi nani aliweka laki na nani aliweka elfu 20. Na mbia mmoja akikopa mawese kwa ajili ya biashara, mwenye mawese anaweza kuja kudai kwa yeyote kati yenu, hata kwako uliyekuwa umelala. Kusajili jina BRELA, wale wa usajili wa biashara, ni vizuri, fanyeni, ila lile jina haliwaambii nani anamiliki kiasi gani wala nani anaruhusiwa kukopa. Sasa kabla hamjamuingiza mtu wa tano mwenye malori, nyie wanne mmeshaelewana? Mmoja akiolewa akahamia Uvinza anaondoka na nini? Mbia akifa ubia unavunjika kisheria kama hamjaandika vingine, na warithi wana haki ya fungu lake. Mzee ana watoto wangapi? Siulizi umbea, nauliza mtakuja kukaa meza moja na nani.

Na kuna hili la kofia mbili. Leo ukimuuliza mzee, tumkopeshe fulani wa Kasulu miche 200, anakujibu kama mlezi, anaangalia usalama wako. Akishaweka hela yake atakujibu kama mwenye mali. Sio ubaya, hata mimi ningekuwa hivyo, ila ujue siku anayoingia kuwa mbia umempoteza mlezi, na miezi 6 hata haijaisha. Ningekuwa mimi ningemwambia kwa adabu, mzee tumeshukuru sana, tumalize kwanza programu. Kama moyo wako unataka kutusaidia sa hivi, tupakilie katoni zetu kwenye lori moja linalokwenda na dagaa, hasara ya njiani yetu, faida ya huo mzigo tugawane, alafu tuone. Ubia wa mzigo mmoja, unaandikwa kwenye karatasi moja, unaisha mzigo ukiisha. Hapo mtamjua analipa lini, anapokea simu au hapokei, anakasirika vipi mambo yakiharibika. Akikataa hilo dogo akang'ang'ania nusu, basi nawe ushapata jibu.

(Dagaa na sabuni kwenye lori moja, mfunike vizuri jamani.)

*Habari dada. Niko Urambo, Tabora. Kuna lida mmoja kanialika kwenye grupu la WhatsApp, anasema ni programu ya ubia wa biashara, unaingia kwa laki 2 na nusu alafu unajifunza kwa viongozi wenye uzoefu. Nikauliza tunauza nini akasema bidhaa zitakuja, kwanza nilete watu 3. Niingie?*
*Kijana wa Tumbaku*

Usiingie. Swali lako la tunauza nini lilikuwa zuri kuliko majibu yote ya huyo lida. Angalia hela inatoka wapi, kama inatoka kwa mteja anayenunua kitu hiyo ni biashara, kama inatoka kwa mtu mpya anayeingia hiyo ni upatu, na upatu wa hivyo ni kosa la jinai. DECI unaikumbuka? Labda ulikuwa mdogo, waliita kupanda na kuvuna mbegu, serikali ikaifunga 2009, watu walilia nchi nzima na baadhi ya waliokuwa wanaiongoza walitiwa hatiani mahakamani. Wale nao walikuwa viongozi wenye uzoefu.

Kama unataka programu ya kujifunza kwa mtandao zipo za kweli ambazo kuomba ni bure, mfano ile ya Tony Elumelu wa Nigeria tangu 2015 inatoa mafunzo na walezi na mtaji wa dola 5,000 kwa wanaochaguliwa, na hakuna anayekuambia ulete watu 3.

*Mama, mlezi wangu wa biashara amenisaidia sana na hataki hela. Nimpe nini? Nipo Ujiji.*

Hela usimpe, utamuudhi. Kila mwezi mpelekee hesabu zako umwonyeshe ushauri wake ulifika wapi, hata pale ulipofeli, wazee wanapenda hilo kuliko unavyodhani. Na migebuka miwili mibichi. Ikiwa ni ile miezi ziwa limefungwa, mpelekee mawese.