Jibu: Eti simu inatusikiliza tukiongea?

Mkuu, hiyo ya kuongelea friji na shemeji usiku halafu asubuhi unakutana na matangazo ya friji hata mimi imenikuta hapa Tanga, ila yangu ilikuwa baiskeli. Nilikaa kwa fundi Ngamiani na mshkaji wangu tunabishania bei ya ringi ya nyuma, nafika home nafungua simu, baiskeli tupu! Nikasema maiki hiyo.

Baadae ndo nikagundua mshkaji alikuwa anaperuzi baiskeli wiki nzima, namba yake ninayo, tulikuwa sehemu moja na lokesheni nimeiacha wazi, sasa hapo hao akina Google na Facebook wanaweza kutuunganisha mimi na yeye bila maiki, wanisikilize ili iweje? Halafu wakurekodi kutwa nzima si ungeona bando linavyopungua, na bando zenyewe ndo hizi zetu. Mwaka 2018 watafiti wa Northeastern University kule Marekani walipima apu za Android zaidi ya 17,000, hawakukuta inayowasha maiki kimyakimya, ila walikuta zinazorekodi skrini na kuzituma hizo rekodi kwa kampuni nyingine, na hiyo mi ndo imenitisha zaidi.

Kufuatilia wanafuatilia sana tu, mpaka ukiwa kwenye tovuti ambazo wala sio zao. Ingia setingi, sehemu ya ruhusa, zima maiki na lokesheni kwa apu isiyohitaji. Kuanzia Android 12 maiki ikiwaka kinatokea kidoti cha kijani juu pembeni, kiangalie.

Na umuulize shemeji vizuri kama hakuitafuta hiyo friji Google.