Swala na dua: majibu kwa wasomaji wa Bagamoyo

Imamu akishatoa salamu husema "tuombe dua". Kwani tulipokuwa tukiswali hatukuwa tunaomba? (Dunda)

Mlikuwa mnaomba, ndugu yangu, lakini swala ina masharti: udhu, kibla, wakati wake, takbira ya kuifungua na salamu ya kuifunga. Faradhi tano za siku zina rakaa 17, na hakuna ruhusa ya kuongeza hata moja kwa mapenzi yako. Dua haikufungwa hivyo. Waomba ukiwa ngalawani, jikoni au kitandani hospitalini, kwa Kiarabu, Kiswahili au Kikwere.

Hata hivyo dua imo pia ndani ya swala, hasa kwenye sijda. Na swala ya maiti, ambayo haina rukuu wala sijda, kusudi lake kubwa ni kumwombea marehemu. Tunaiita swala kwa kuwa ina udhu, kibla, takbira nne na salamu. Dua ile ya imamu huja swala ikiwa imekwisha. Anayeinuka kabla yake swala yake imetimia, na kumnung'unikia ni kumdhulumu.

Niko kwenye siku zangu. Shangazi kanizuia kuitikia dua kwenye hitima ya babu. (Magomeni)

Pole kwa msiba, binti yangu. Mwenye hedhi ameondolewa swala, wala hailipi baadaye. Dua hakuondolewa. Itikia "amin", mwombee babu yako. Mweleze shangazi kwa upole. Naamini amechanganya mambo haya mawili.

Sisi Wakatoliki twasema "sala", jirani zetu walokole "maombi". Ni kitu kimoja? (Bagamoyo mjini)

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Ila kwenu, tangu misheni ilipoanza hapa 1868, "sala" huelekea zaidi kwenye maneno yaliyopangwa: Baba Yetu, rozari. Mlokole akisema "maombi", mara nyingi ana maana ya maneno yanayomtoka mwenyewe.

Uradi na dhikri? (Kaole)

Dhikri ni kumtaja na kumkumbuka Mungu kwa namna yoyote. Uradi ni dhikri iliyopangiwa maneno, idadi na wakati, nayo mtu hushikamana nayo kila siku. Wafuasi wa Kadiria, tarika (njia ya kisufi) aliyoistawisha hapa Sheikh Ramiya, aliyefariki 1931, wanazo zote mbili: dhikri ya pamoja kwenye halaka, yaani duara la wanaodhikiri, na uradi ambao mtu huusoma peke yake. Ukisema "Subhanallah" njiani kuelekea sokoni, hiyo ni dhikri, bado si uradi.