Kwa Mwalimu Anayeanza Kufundisha Sekondari Msingi

Mwalimu mwenzangu, unaporipoti kazini hapa Mombasa utakabidhiwa wanafunzi wa gredi ya 7, 8 na 9, watoto ambao sauti zinawabadilika na ambao huona haya kusimama mbele ya wenzao kuliko walivyoona mwaka mmoja nyuma. Madarasa yao yamekuwa ndani ya shule za msingi tangu Januari 2023, kwa hivyo usivunjike moyo ukikosa maabara.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa ambalo nakusihi ulikwepe. Niliagiza miradi ifanyiwe nyumbani, nikaipa alama za juu ile iliyopendeza macho, hadi nilipomwomba msichana mmoja anieleze alivyounganisha nyaya za taa yake, naye akainamisha kichwa. Taa ile ilitengenezwa na fundi. Wasiokuwa na pesa za fundi walikuwa wameleta kadibodi zilizogandishwa kwa uji wa unga, na hao ndio niliowapa alama za chini kwa kazi ya mikono yao wenyewe. Tangu siku hiyo miradi hufanyiwa shuleni nikiwa nao. Na kwa kuwa wengi huenda chuoni, yaani madrasa, jioni, hata ile kazi ya ziada naipunguza.

Somo la kilimo na lishe ndilo lililonifunza zaidi. Tulipokuwa tukipanda sukuma wiki kwenye magunia, mvulana wa gredi ya 7 ambaye hakuwa amenyanyua mkono muhula mzima alisema kwa sauti ya chini kwamba maji ya kisima yana chumvi, na kwamba nyanyake hunywesha miche michanga maji ya mvua peke yake. Ningeweza kumshukuru nikaendelea na somo. Badala yake nilimpa magunia mawili, moja la maji ya kisima na moja la maji ya mvua, pamoja na daftari la kuandika urefu wa miche na rangi ya majani kila Jumatatu na Alhamisi. Wenzake walianza kumwendea kumuuliza, naye akazoea kujibu.

Kumbukumbu kama hizo ziweke tangu wiki ya kwanza, kwa sababu tathmini za shuleni za gredi ya 7 na 8 huchangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho, ile ya gredi ya 6 asilimia 20, na KJSEA, mtihani wa kitaifa wa gredi ya 9, asilimia 60. Na ni kwa matokeo hayo mtoto huelekezwa kwenye mkondo wa sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo.

Siku ya wazazi nyanyake yule mvulana alikuja akiwa amejiandaa kusikia mashtaka. Nilimpa daftari. Mjukuu wake alimsomea ukurasa baada ya ukurasa, kisha mama huyo akaniuliza kama watoto wangeweza kukipima pia kisima cha mtaani kwao.