Mfike bandarini saa ngapi?

Dada, kama meli yenu ya kitalii inaondoka Miami saa 11 jioni, mimi ningefika kati ya saa 7 na saa 8 mchana. Lakini kwanza angalia saa ya kufika bandarini mliyochagua mlipojisajili mtandaoni. Kama mmepangiwa, fuateni hiyo.

Msongamano mkubwa huwa kuanzia saa 4 na nusu hadi saa 6. Abiria wa safari iliyopita bado wanashuka asubuhi, na wapya wameshapanga foleni wakiwahi chakula cha mchana, maana kiko ndani ya nauli. Ukifanikiwa kupanda mapema, chumba mara nyingi hakiko tayari hadi saa 7 hivi, kwa hiyo utazunguka na mkoba begani. Ndiyo maana dawa, pasipoti na chaja zikae kwenye mkoba huo. Masanduku makubwa mnawaachia wapagazi, na yanaweza kufika chumbani jioni.

Msichelewe sana pia. Usajili wa pale bandarini hufungwa kama saa moja au saa moja na nusu kabla ya meli kung'oa nanga, na meli haikungoji kama matatu inayojaza abiria pale Odeon, Nairobi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ndege. Kutoka uwanja wa ndege wa Nairobi, JKIA, mpaka Miami mtabadilisha ndege njiani, na moja ikichelewa mmekwisha. Fikeni siku moja kabla, mlale hoteli. Mbili ni bora zaidi, kama mfuko unaruhusu.