Kamera unayo, sasa anza na dirisha

Mdogo wangu, nimekuelewa: uko Dar, una kamera ya mtumba na lenzi ya 18-55mm, unataka kupiga picha za mitindo na hujui uende chuo au uanze tu. Anza. Chuo kitakusubiri.

Jifunze mwanga kwanza. Msimamishe mwanamitindo kando ya dirisha, upande wa pili shika karatasi ya manila nyeupe irudishe mwanga usoni. Akiwa mweusi na amevaa gauni jeupe, kamera hupunguza mwanga na uso unazama gizani. Pimia mwanga usoni, kisha ushushe kidogo ili gauni lisiungue, yaani lisigeuke weupe mtupu. Rudia hilo hadi mkono uzoee. Ukipata hela, nunua lenzi ya 50mm ya f/1.8, inayopitisha mwanga mwingi.

Mimi nilipoteza miezi nikipiga sura nzuri, mpaka fundi cherehani mmoja akaniuliza, "Mshono wangu uko wapi?" Tangu siku hiyo naanza na pindo, kola, na jinsi kitenge kinavyocheza mtu akitembea.

Tafuta mbunifu wa mavazi anayeanza na mpambaji wa uso, mfanye kazi moja bila kulipana, kila mtu aondoke na picha. Kazi za bure ziwe moja au mbili, basi, ukizidisha watakuzoea. Picha 12 kali zinatosha kumwonyesha mteja. Kwa Swahili Fashion Week, maonyesho ya mitindo ya hapo Dar, omba kwanza kumsaidia mpigapicha mwenye uzoefu.

Andikianeni makubaliano: picha zitatumika wapi, kwa muda gani. Mwanamitindo akiwa chini ya miaka 18, mzazi awepo na asaini. Picha ikitumika bila ruhusa yako, waone COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, au wakili mapema, kabla hujagombana na mtu mtandaoni.